Mswaki Kwenye Skrini

Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri, kama kawaida ya mji wa bandari wa Keelung, na Pohan hakuwa akimtarajia mteja yeyote. Alishtuka mwanamke asiyemjua alipoinama kuingia kwenye kibanda chake chini ya ngazi, koti lake la plastiki likichuruzika maji, akafungua mfuko wa mchele na kutoa ruta ya mtandao. Aliiweka mezani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya aliyekufa.

"Hii ina pepo," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule fundi anayenusa mawimbi?"

"Watu husema hivyo."

"Basi nusa."

Pohan aliigeuzageuza ruta. Haikuwa na ufa wala harufu ya kuungua, na alipoichomeka kwenye umeme taa zake ziliwaka zote, shwari kabisa.

"Nzima," alisema. "Uliiwekea pakiti, mama?"

"Nitakosaje kuiwekea? Ya kijani. Si ya njano, mimi si mshamba."

"Na tarehe yake?"

Mwanamke alianza kukung'uta maji kwenye mkono wa koti lake.

"Tarehe yake, mama?"

"Imepita kidogo."

Pohan alicheka, na mwanamke naye akashindwa kujizuia. Kisiwani kote hakuna benki, hospitali wala chumba cha kompyuta kisicho na pakiti ya kijani ya bisi za mahindi juu ya mashine zake. Jina lililoandikwa kwenye pakiti ndilo neno la kumtuliza mtoto mtukutu, na mashine, wanasema, hulisikia. Ikiwa ya njano, au ikipitwa na tarehe, mashine hununa. Pohan alikuwa na shahada ya elektroniki, na bado pakiti ya kijani ilikaa juu ya kompyuta yake. Hakuona sababu ya kushindana na kitu kisichomdhuru mtu.

Mwanamke alijitambulisha. Aliitwa Mama Lai, mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa jengo lililo nyuma ya soko la samaki. Tangu mwezi uliopita mtandao ulikuwa ukikatika katika nyumba za jengo zima. Kampuni ya simu ilituma vijana mara kadhaa. Walibadilisha waya, wakabadilisha ruta, wakaondoka. Hali ilibaki vilevile. Na sasa mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi mwandamo ulikuwa umeingia, mwezi ambao milango ya wafu huachwa wazi, na watu wa jengo walikuwa wameanza kuongea.

"Mjukuu wangu yuko Vancouver," alisema. "Nikimpigia, uso wake unaganda mdomo wazi. Unajua inavyotisha, kumwona mtoto wako ameganda hivyo?"

Kisha akaitazama meza ya Pohan iliyobanwa chini ya ngazi, na tangazo lililobandikwa ukutani nyuma yake. Mwenye jumba alikuwa anataka kulibomoa. Wapangaji wote walitakiwa kuondoka mwisho wa mwezi.

"Utahamia wapi?"

"Bado natafuta."

"Jengo letu lina chumba cha chini. Kina dirisha. Kimefungwa tangu kinyozi ahamie Taichung, na ufunguo ninao mimi. Nitafutie anayetuharibia mtandao, uniletee jina lake na namba ya mlango wake. Chumba ni chako, na kodi tutaelewana kirafiki."

Usiku ule Pohan alilala vibaya kwa furaha. Alishakiona chumba: benchi ndefu karibu na dirisha, makopo ya maziwa yamepangwa rafuni, na kila Jumamosi watoto wa mtaa wakijifunza kutengeneza antena kwa makopo hayo. Aliamini kwa moyo wote kwamba mtu akiona kinachomsumbua hupunguza kukiogopa, na kwamba macho ya kuona mawimbi hayapaswi kuwa ya matajiri tu.

Kesho yake mchana alienda na begi lake. Vifaa vyake vilikuwa vichache na vya bei ya chini: simu ya zamani yenye programu ya kuonyesha mitandao ya jirani, kidude cha kupimia mawimbi chenye ukubwa wa flashi, antena aliyoitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga, na kipokea picha chenye skrini ndogo alichokiokota kwenye meza ya mitumba. Vilienea vyote sebuleni kwa Mama Lai, kati ya chungwa na bakuli la karanga.

Bwana Yeh, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, alikuwa ameshafika na kujikalia.

"Huyo ndiye mganga?" aliuliza. "Mbona hana kuku?"

"Kuku atatoka kwako, mwalimu," alisema Mama Lai. "Nyamaza, mtoto wa watu afanye kazi."

Pohan alianza na simu. Ilionyesha mitandao ya jengo zima, mmoja ukiitwa "Lipa Wako Acha Wangu".

"Huo ni wangu," alisema Bwana Yeh kwa fahari.

Walijaribu kuzima ruta moja moja, wakazima na maikrowevu, mpaka jioni ikaingia. Kwa simu kila kitu kilionekana sawa, na bado uso wa mjukuu uliendelea kuganda.

"Simu inaona mitandao tu," Pohan aliwaeleza. "Kama mtu anapiga kelele bila kutaja jina, simu haimwoni. Lazima tusikilize kelele yenyewe."

Alichomeka kidude kwenye kompyuta. Mistari ya rangi ilianza kushuka kwenye kioo kama mvua dirishani, hapa mingi, pale michache, ikija na kutoweka. Lakini katikati palisimama kilima kimoja. Hakikushuka wala hakikusogea. Mtandao hunong'ona, husubiri, kisha hunong'ona tena. Kitu hiki hakikuwa kinasubiri mtu.

"Hiyo si ruta," alisema Pohan polepole. "Hiyo ni picha. Kuna mtu anarusha picha hewani, kwa kamera ya zamani, ile ya kuangalia watoto."

"Watoto gani?" aliuliza Mama Lai. "Jengo hili lina wazee watupu."

Pohan aliwasha skrini ndogo, akaanza kuzungusha kitufe. Ilijaa chenga nyeupe. Alizungusha zaidi. Chenga zikajikusanya, zikawa chumba.

Kilikuwa chumba kisicho na mtu. Palikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, blanketi limekunjwa miguuni. Kando yake palikuwa na meza ndogo yenye beseni la maji, taulo, bakuli la wali lililowekewa vijiti vya kulia kando yake, na gilasi. Ndani ya gilasi mswaki, na juu ya mswaki dawa ya meno imeshapakwa, tayari kwa mtu anayekuja kunawa. Mvuke wa wali ulikuwa ukipanda taratibu.

Bwana Yeh aliweka karanga zake chini.

Kila mmoja pale alijua alichokiona. Ndivyo anavyohudumiwa aliyefariki wakati wa matanga: asubuhi na jioni maji ya kunawa, mswaki, chakula cha moto, kama vile bado yuko na ametoka kuamka.

"Nani amekufa?" alinong'ona Mama Lai. "Nani amekufa humu ndani?"

"Si mimi," alisema Bwana Yeh, lakini hakucheka.

"Hakuna hata karatasi nyekundu kwenye mlango wangu." Sauti ya Mama Lai ilianza kupanda. "Mtu anafanya matanga kimya kimya, katika mwezi wa saba, na sisi majirani hatujabandikiwa hata karatasi nyekundu ya kutukinga. Tunapita ngazi moja na maiti hatujui. Nataka huyo mtu. Leo."

Aliichukua ile skrini na kuikumbatia kama aliyepokea mtoto mgonjwa. Pohan aliinyoshea mkono, lakini Mama Lai hakuiachia.

"Hii inabaki kwangu. Wewe nenda na hilo kopo lako."

Hakuna aliyetaka kumfuata. Pohan alipanda ngazi peke yake, kopo limeelekezwa mbele, kompyuta mkononi. Kilima kilikua kila ghorofa. Juu kabisa, mbele ya mlango wa mwisho, kilijaza kioo chote. Alisimama akisikiliza. Ndani kulikuwa kimya, na harufu ya ubani ilipenya chini ya mlango.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Alikuwa Mzee Ong, muuza tambi wa mdomo wa uchochoro, ambaye Pohan alikula kwake karibu kila mchana.

"Ah, ni wewe," alisema mzee. Alilitazama kopo. "Leo umekuja na bakuli lako mwenyewe?"

"Mzee," alisema Pohan, akalishusha kopo.

"Umeniona kwenye kamera?"

"Nimeona mswaki tu."

Mzee Ong alitikisa kichwa kama mtu aliyesomewa kitu anachokijua. "Huwa anaanza na mswaki. Hali kabla hajasukutua. Ingia, usisimame mlangoni, unamzibia njia."

Pohan aliingia upande upande.

Marehemu aliitwa Bi Kimlan. Alikuwa mjane, na yeye na Mzee Ong walikaa pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa. Wanawe walioko Kaohsiung hawakutaka kusikia jina la muuza tambi. Miguu ya Bi Kimlan ilipopooza, Mzee Ong alinunua kamera ya bei rahisi kuliko zote, isiyo na hata kitufe cha kubadilisha mkondo wa mawimbi, akaitundika juu ya kabati. Skrini yake aliiweka kwenye mkokoteni, kando ya sufuria la supu.

"Akiinua mkono, najua anataka maji. Naacha tambi zinachemka, napanda. Wateja wanalalamika, tambi zimelainika kama uji. Nawaambia, kuleni hivyo hivyo, mnaringa nini."

"Nami nilizila hizo, mzee."

"Wewe hukulalamika. Ndiyo maana nilikuwa nakuongezea nyama."

Alipofariki hospitalini, ambako majirani walidhani bado amelazwa, wanawe walikuja na gari. Walichukua mwili, wakachukua kibao cha roho yake, kile chenye jina cha kuwekwa altareni, wakachukua hata picha ya ukutani. Mzee Ong aliachiwa kitanda. Hakuwa na kaburi wala altare, ila alikuwa na chumba alichokizoea marehemu, na alikuwa na kamera, ambayo tangu hapo hakuizima usiku wala mchana. Kwa hiyo alipika. Asubuhi na jioni alipandisha maji na wali, kisha akarudi kwenye mkokoteni na kutazama.

"Unatazama nini, mzee?" Pohan aliuliza kwa upole.

"Kama mkono utainuka."

Kwenye rafu kando ya mlango palikuwa na karatasi nyekundu, zimekatwa vizuri, hazijaguswa. Mzee Ong aliona anakotazama.

"Nilizinunua. Nikazikata. Lakini nikibandika wataniuliza nani amekufa. Niseme nani? Mke wangu? Si mke wangu. Na Lai akijua, atawapigia wale wana wa Kaohsiung simu kabla hajavaa viatu."

Kesho yake ilikuwa saba ya mwisho, yaani siku ya arobaini na tisa, ya kumaliza matanga. Wanawe walikuwa na ibada kubwa hekaluni huko Kaohsiung. Mzee Ong hakualikwa. Angekwenda kusimama nje ya lango. Angempa chakula cha asubuhi kukiwa bado giza, kisha apande treni. Lakini chakula cha jioni kilikuwa kinamnyima usingizi.

"Siku zote hizi hajakosa hata mlo mmoja. Akose wa mwisho?"

"Nitamletea mimi," alisema Pohan. Alijisikia akisema kabla hajawaza.

Mzee alimtazama sana. "Saa kumi na moja. Wali uwe wa moto. Na kamera usiizime, wala usiifunike. Sijui, pengine ndiyo inayomwonyesha njia. Ngazi hizi ni nyingi, na miguu yake unaijua. Ukae naye mpaka ubani uishe. Ukiisha, uizime mwenyewe, nami sitaiwasha tena."

Pohan alipokea ufunguo kwa mikono miwili.

Alipita kwa Mama Lai kudai skrini yake, akaambiwa ataipata siku atakapoleta jina. Alisema kesho usiku kelele zitanyamaza zenyewe.

"Umemjua," alisema Mama Lai.

Pohan alitazama viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajamaliza kupanga vifaa chini ya ngazi, mwenyekiti alikuwa ameshafika. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelala na skrini kando ya mto.

"Nilisinzia," alisema. "Nilipofumbua macho, wali mpya uko mezani. Unafuka moshi. Hakuna mtu. Pohan, mwanangu, wali ulijiweka wenyewe."

"Mtu aliuweka wakati umesinzia, mama."

"Basi nataka kumwona. Jioni atakuja tena, matanga hayaruki mlo. Nimewaita wote. Saa kumi na moja tutakaa kwangu tutazame. Na wewe uwepo." Aliweka ufunguo mezani, wa shaba, wenye kipande cha utepe wa kinyozi bado umefungwa. "Utautaja mlango, nikukabidhi huu mbele ya watu. Wasiposikia jina wataamini ni pepo, na mimi siwezi kuongoza jengo la pepo. Lakini akitokea mtu na wewe hujamtaja, huyo mtu na aliyemficha wote hawatakuwa na nafasi katika jengo langu. Nakwambia mapema, tusije tukalaumiana."

Alichukua tena ufunguo wake na kuondoka na mvua yake.

Pohan alikaa. Hakufanya kazi siku ile. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi mno, na wepesi wake ndio uliomtesa. Hakuhitaji kumtaja Mzee Ong. Hakuhitaji hata kusema uongo. Ilitosha asipeleke wali. Saa kumi na moja ingepita, skrini ingeonyesha kitanda kitupu, wakazi wangeamini lilikuwa pepo na limeondoka, na baadaye angepanda kimya kimya kuizima kamera. Mtandao ungepona, na Mama Lai angemsifu fundi kwa kulifukuza. Chumba chenye dirisha kingekuwa chake. Mzee angerudi na kuambiwa kila kitu kilikwenda sawa, na mwingine ambaye angeweza kujua ni marehemu tu.

Aliwaza hivyo mpaka mchana ukaanza kufifia. Kisha akajikuta anaosha mchele.

Aliupika kwenye jiko lake dogo chini ya ngazi, akaongeza yai na mboga ya majani, na samaki mdogo wa kukaanga aliyemnunua kwa muuzaji wa jirani. Alifunika bakuli kwa sahani, akaliingiza ndani ya koti ili mvua isilipate, akatembea upesi.

Alipopita ghorofa ya tatu mlango wa Mama Lai ulikuwa wazi kidogo. Alisikia viti vikivutwa, na sauti ya Bwana Yeh ikisema, "Sogea, kichwa chako kikubwa kuliko skrini." Akamsikia na Mama Lai akiuliza, "Yule kijana yuko wapi? Ni saa kumi na moja sasa." Aliendelea kupanda.

Chumba cha juu kilikuwa na ubaridi. Taa nyekundu ya kamera iliwaka juu ya kabati, ndogo kama mbegu ya pilipili. Pohan alisimama kizingitini, mahali ambapo jicho la kamera lilikuwa bado halijamfikia. Angeweza kunyosha mkono tu, bakuli lionekane, uso usionekane. Lakini meza ilikuwa mbali, ng'ambo ya kitanda, na beseni lilitaka kubadilishwa maji, na taulo kukamuliwa. Mambo hayo hayafanywi na mkono mmoja uliojificha.

Aliingia.

Ghorofa za chini jengo lilinyamaza. Hakusikia tena viti.

Alimwaga maji ya asubuhi, akajaza ya moto, akaikunja taulo ukingoni mwa beseni. Aliweka wali, samaki akielekea kitandani, akaweka vijiti kando. Kisha akachukua mswaki, akakuta nywele zake zimelowa na dawa haipo. Alisimama nao mkononi. Pengine Mzee Ong aliusuuza kabla ya kuondoka. Pengine. Hakutazama kitanda mpaka alipomaliza kupaka dawa nyingine na kuurudisha kwenye gilasi.

"Karibu, mama," alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwamkua jirani. "Mzee amesafiri. Leo ni mimi. Chakula kisije kikapoa."

Aliwasha kijiti cha ubani. Moshi ulipanda wima, kisha ukapinda polepole kuelekea kwenye mto wa kitandani, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Pohan alivuta kigoda akakaa. Aliinua uso wake mzima kuelekea kamera, kwa sababu hakutaka wamwone kama mwizi.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo ghorofa ya tatu. Hatua zilianza kupanda, nyingi, za mbele zikiwa nzito na za haraka, na funguo zikigongana. Alizisikia zikija, na ile sauti ya shaba ilimuuma, kwa maana alishauona ule ufunguo wa chumba kuwa wake.

Hatua zilifika mlangoni zikasimama. Mtu alibisha.

"Pohan." Ilikuwa sauti ya Mama Lai, na haikuwa na hasira aliyoitarajia, ilikuwa ndogo. "Pohan, toka. Blanketi lile la kitandani, nalitazama hapa kwenye skrini, nani amelikunjua?"

Mikono ya Pohan ilikuwa magotini. Hakugeuza kichwa kulitazama blanketi. Ubani ulikuwa umefika nusu, majivu yake marefu bado hayajaanguka.

"Bado kidogo, mama," alijibu. "Anakula."

Na alikaa hapo hapo, mpaka cheche ya mwisho ilipozama kwenye mchanga wa chetezo. Kisha akasimama, akanyosha mkono juu ya kabati, na kuizima taa nyekundu.